Mzee wa Viti Vyekundu

Cheka kwanza, ukimaliza nikusimulie. Wengi wameshacheka, hapa Mgwashi mpaka sokoni Lushoto, na mimi bado nasimama palepale: niliyoyaona Penang niliyaona kwa macho haya mawili, jua likiwaka, na pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe.

Kabla ya yote, jua jambo moja. Baba yangu, Mlutheri hasa, hakuniitikia shikamoo kwa miaka ishirini na mitatu. Kosa langu ni kuolewa na Shabani, Mwislamu wa bonde la pili tu kutoka kwetu. Wewe unajua kwetu milimani shikamoo ni nini. Hata uliyegombana naye jana akikuamkia unamwitikia, mengine baadaye. Mimi kila nilipopita na kikapu changu cha majani ya chai nilisimama penye ua wake, nikakunja goti kidogo: "Shikamoo, Baba." Yeye anageuza uso, anaangalia migomba. Miaka ishirini na mitatu! Akafa hivyohivyo, na koti lake zito la kahawia ambalo hata Januari ya joto alikuwa halivui.

Mwaka uliofuata binti yetu Zaina akahitimu masomo yake kule Penang, Malaysia, akatuita mimi na baba yake. Nilishuka kwenye ndege na sweta langu, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya makande. Kesho yake Zaina akatutembeza mjini. Barabara moja, jamani, moja! Msikiti huu hapa, hekalu la Wachina lile pale, la Wahindi lina masanamu ya kila rangi juu ya mlango, na kanisa halipo mbali. Na watu wake sasa: Mchina anakula chapati ya Mhindi, mama wa Kimalay aliyejitanda ushungi anamsogezea kiti. Chai wanaimimina kutoka juu mpaka itoe povu. Tamu, lakini majani hafifu, chai yetu ya Mponde inaipita mbali.

Shabani akaninong'oneza, "Mama Zaina, kumbe inawezekana."

Nilishikwa na hasira, na sikufichi. Mimi nimenyimwa salamu nusu ya umri wangu kwa jambo ambalo hawa wanalipita bila hata kugeuza shingo, wakienda zao kunywa chai!

Saa kumi na mbili jioni, na kule saa hizo jua bado liko juu, Shabani na Zaina wakaniacha pembeni ya uwanja mmoja wakatafute maji ya kunywa. Palikuwa na jukwaa, waigizaji wamepakwa rangi usoni, ngoma na matoazi kelele tupu, moshi wa udi kila upande. Mbele ya jukwaa viti vyekundu vya plastiki, safu nzima vitupu, na watu wamejazana nyuma wamesimama. Kwenye safu ile yupo mzee mmoja tu, amenipa mgongo. Nikasema moyoni, hawa nao! Mzee wa watu wamemwacha peke yake kama ana ukoma? Niambie, wewe mtu wa Usambara ungempita?

Nikaenda. Nikakunja goti kama nilivyofunzwa. "Shikamoo, mzee."

Hakugeuka. "Marahaba, Eliza wangu. Kaa."

Eliza! Nani kule anamjua Eliza? Tangu niolewe mimi ni Aisha, au Mama Zaina. Nikakaa ubavuni kwake. Ndipo nikaliona lile koti la kahawia, na harufu yake ileile ya moshi wa kuni na ukungu. Sikuthubutu kumtazama usoni. Tulikaa, tukaangalia wale watu wa jukwaani tusiowaelewa, baba na mwanawe. Nililia, ndiyo, na nilikuwa na furaha.

Mara Zaina akanivuta mkono. "Mama, toka! Hivyo viti ni vya marehemu! Huu mwezi Wachina wanawakaribisha wafu wao, aliye hai hakai mbele!"

Nilipogeuka, kiti kitupu. Zaina akakigusa, akarudisha mkono haraka. Kilikuwa kimelowa, baridi, kama majani ya huku kwetu alfajiri. Mvua haikuwa imenyesha siku ile, na mji mzima ulikuwa unatoka jasho. Muulize Zaina, yupo.

Tuliporudi nikawaeleza ndugu zangu. Ningenyamaza? Kaka yangu Yona, mkubwa wetu, akaleta wazee wa kanisa waniombee. Upande wa Shabani nao wakaleta shehe anisomee. Kwa jambo hili dini zote mbili zilipatana vizuri kabisa! Yona akanisimamisha mbele ya ukoo: "Sema lile lilikuwa jini. Sisi tulikaa na Baba mpaka pumzi ya mwisho, jina lako hakulitaja. Usiposema, hapa kwake usikanyage."

Sikusema, na sisemi leo. Nimeisubiri marahaba ile miaka ishirini na mitatu, halafu niitupe kwa sababu imenifikia mahali ambapo wao hawakuwepo? Thubutu!

Ubavu wangu wa kushoto, upande aliokaa yeye, umebaki wa baridi tangu siku ile. Hata nikikaa jikoni kando ya moto haupati joto. Hospitali wameupima, hawakuona kitu. Mimi nimeuzoea.

Sasa nakuonya wewe unayesikia. Kama yupo mtoto, mdogo wako, yeyote unayemgeuzia uso akikuamkia, mwitikie leo, ukiwa na mdomo wa kuitikia. Usije ukasafiri mpaka nchi ya watu kutafuta kiti cha kukalia ili useme neno moja.

Yona siku hizi ndiye anayekaa penye ua wa Baba, na koti la Baba amelirithi yeye. Kila asubuhi napita na kikapu changu, nasimama, nakunja goti: "Shikamoo, kaka." Anaangalia migomba. Na mimi namwambia, kwa sauti, majirani wasikie: "Kaka, Penang siendi tena. Niitikie hapahapa."