Shati la Bwanangu Halikunuka Mafuta

Admin, nifiche kabisa, hata kijiji usitaje, kwa sababu wanaonijua wako humu wengi na wengine tunachuma chai shamba kwa shamba. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nimeolewa huku Bomet miaka ishirini, tuna watoto wanne na chai yetu wenyewe. Nimekosea, najua. Lakini kabla mnitukane, nisikizeni kwanza.

Bwanangu, nimuite Baba Chebet, ndiye hupogoa chai yetu na ya majirani kwa panga. Mwaka jana bega la kulia likamkatalia. Mkono haukupita kifua, hata shati nilimvalisha mimi. Kila jioni nilimkanda kwa samli ya moto vile mama yangu alinifunza, nasugua mpaka shuka inalowa. Yeye anafunga macho anasema, "Asante, mama." Bega halikupona, lakini haki, nilikuwa najisikia mke.

Halafu mtu akamwambia kuna mwanamke amefungua chumba huko Kaplong, anatibu misuli kwa mikono. Nitamwita Atieno, si jina lake. Amesomea hiyo kazi, ametoka upande wa ziwa, hana bwana hapa, na ni mrembo, wacha niseme ukweli. Baba Chebet akaanza kwenda kila Alhamisi. Akirudi anapiga mluzi. Huyo mtu hajawahi kunipigia mluzi tangu tuoane! Siku moja nikapasha samli, akaniambia, "Leo usinikande, Atieno amesema bega lipumzike." Atieno amesema! Kwani nani ameolewa hapa?

Wivu ulinishika mpaka chakula kikanishinda. Alhamisi iliyofuata alipovua shati nikalichukua, nikajifanya naenda kufua, nikalinusa kutoka kola mpaka chini. Hakuna mafuta. Nikarudi nikampitisha kiganja mgongoni kama namtoa vumbi. Mkavu kabisa! Sasa niambieni nyinyi wanawake wenzangu, mtu anakandwa saa nzima bila mafuta? Hata ng'ombe tunampaka mafuta kwa matiti kabla ya kumkamua. Nikajua hapo hakuna kukandwa, kuna mengine.

Kesho yake tukiwa kituo cha kupima majani, tunangoja lori, nikafungua mdomo. Sikusema nashuku. Nilisema nimeona. "Wenye mabwana, chungeni. Kule kwa Atieno mlango unafungwa na ndani, mimi mwenyewe nimeshuhudia." Bwanangu sikumtaja, niliona aibu. Na hicho chumba nilikuwa sijawahi kukiona hata kwa nje. Wanawake wakashika vinywa, "Woi, Mama Chebet!" Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa linajua.

Mngedhani nimetosheka. Wapi! Baada ya wiki mbili nikaenda kumuona kwa macho yangu. Nikamdanganya naitwa Mama Kiprono, nimetoka Chebunyo, shingo inaniuma. Ya shingo haikuwa uongo, nimebeba kikapu cha majani miaka yote hiyo. Nikakuta chumba kidogo, mlango wazi, pazia tu, na benchi ya wagonjwa haina mtu.

Akanilaza kifudifudi. Akaweka mikono kwa bega langu akatulia, hakusugua hata kidogo. Nikashindwa kuvumilia. "Mafuta yako wapi?"

Akacheka. "Mafuta yatafanya mkono uteleze, mama. Ukichuna mbuzi si unaona ule utando mweupe juu ya nyama? Hata wewe uko nao, unashika mwili mzima. Ukifanya kazi moja miaka mingi bila kujinyoosha, unakaza. Mimi naushika polepole, nangoja ulegee." Akaniambia kila nikimaliza mstari wa chai nisimame wima, nizungushe mabega, ninyooshe mikono juu, na nisingoje kiu ndio ninywe maji.

Nikalia pale kitandani. Akauliza kama anaumiza, nikasema hapana. Ukweli ni kwamba hakuna mtu alikuwa amenishika polepole hivyo tangu nizae kifungua mimba. Akasema, "Lia tu, mama. Hata mimi nalia siku hizi. Kuna mtu alinisingizia maneno huko kwa majani, wagonjwa wamepotea, na mwenye nyumba ametaka nihame mwezi ukiisha." Nikainuka, nikavaa viatu. Nilimlipa nikatoka bila kumuangalia.

Na msidhani wivu umeisha. Mikono yake imefanya kwa miezi miwili kitu samli yangu ilishindwa mwaka mzima. Hiyo bado inanichoma, siwadanganyi. Lakini huyo mwanamke hajaninyang'anya kitu. Mimi ndiye nimemnyang'anya kazi.

Jana Baba Chebet alisimama mlangoni akainua ule mkono mpaka juu ya kichwa, anacheka kama mtoto. "Mama Chebet, ona!" Nikapiga makofi. Halafu akasema amesikia vile Atieno anafukuzwa, na Jumamosi kwenye mkutano wa wakulima atauinua mkono huo mbele ya watu wote, waone kazi ya huyo mama. Kisha atauliza, "Nani alimuona na bwana wa mtu? Asimame." Wanawake wote wa kituo watageuka waniangalie mimi.

Nikimwambia sasa, naogopa nitakuwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikinyamaza, atajulia mbele ya watu kwamba ni mke wake, na Atieno atakuwa anafunga mizigo. Nishaurini, nifanye nini? Lakini jibuni haraka. Leo ni Alhamisi, na nasikia mluzi huko barabarani, anakuja.