Mlenda Ndani ya Tairi

Mpaka leo sili mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Mtu aliyezaliwa kwenye uwanda huu wetu akisema hivyo, watu humtazama kama vile ameukana ukoo wake, na mwanzoni nilikuwa nawadanganya kwamba tumbo langu limeharibika. Tumbo ni zima. Kilichoharibika ni pua, na iliharibikia kwenye karakana ya matairi, kando ya barabara ya Morogoro, hapa hapa Dodoma.

Nilifika pale kwa ajili ya mashine. Nilikuwa natoka kuvuna zabibu Makutupora, na kabla ya hapo nilivuta nyavu Mtera, na kabla ya hapo sikumbuki vizuri. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu kinachozunguka hakijawahi kunipita bila kukiuliza. Kutoka barabarani nikaona gurudumu la gari dogo limevikwa kwenye mhimili, likazunguka lenyewe, likasimama, na kwenye kioo zikawaka namba mbili nyekundu. Nikasimama kuangalia magurudumu manne mpaka mwenye karakana akaniita.

"Wewe, umekuja kuposa hiyo mashine?"

"Inajuaje, bosi?"

"Inajua tu. Shika ufagio."

Baadaye nilielewa mwenyewe. Gurudumu likiwa zito upande mmoja, hata kwa gramu chache, gari likikolea mwendo linarukaruka na usukani unatetemeka mkononi. Basi unabana kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye ukingo wa rimu, mahali mashine inapoonyesha, kisha unalizungusha tena. Kazi imekwisha namba zote mbili zikisoma sifuri. Nilizipenda sana zile sifuri. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi inayokwambia yenyewe kwamba imekwisha.

Vingine vyote pale vilinitia kinyaa. Maji yalikuja kwa madumu, kwa hiyo ndoo moja ya maji ya sabuni ilifanya kila kitu: kutafutia matundu, kulainishia midomo ya matairi, kunawia mikono kabla ya ugali. Ikifika alasiri juu yake pamelala utando mweusi, mnene kama wa uji uliopoa. Bosi alikuwa anausogeza kwa kiganja, anachota maji ya chini yake na kunawa uso, huku anasema Dodoma kuna vumbi.

Yeye alikuja mjini wakati ofisi za serikali zilipohamia, na chakula chetu kilikuwa utani wake wa kila siku. Mchana mmoja aliuinua mlenda wangu kwa kijiko, akautazama unavyovuta mpaka chini.

"Ninyi huu unawapita kooni bila kutafuna," akasema. "Lakini unavyonata hivi, si utaziba hata tundu la pancha?"

Nikacheka. Sikujua kwamba anamaanisha. Tairi lisilo na mpira wa ndani likivuja polepole, kazi ya haki ni kulitoa kwenye rimu na kulibandika kiraka kwa ndani. Bosi aliichukia kazi hiyo. Kesho yake akanipa unga wa mlenda mkavu, magadi na chupa yenye bomba, nikakoroga mpaka ukavuta, tukausukuma kwenye tairi kupitia valvu. Na ukaziba! Siku hiyo nilijiona mvumbuzi. Wiki nzima nilishinda naurekebisha mchanganyiko ule. Vumbi la mpira ni mimi niliyeliongeza, hakuna aliyeniambia.

Kati ya waliowekewa alikuwemo mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Kibakwe, na gari lake dogo la zamani. Alikuwa anamleta mdogo wake hospitali, tairi la mbele kushoto linapungua upepo. Tukampulizia mlenda, akatushukuru, akaenda.

Siku tisa baadaye akarudi peke yake.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi? Usukani unanitetemekea. Nikifika themanini, gari lote linatikisika."

Bosi akatoka akitabasamu. "Balansi tu hiyo, mama yangu. Kaa hapo kwenye benchi."

"Nisikilize kwanza. Mdogo wangu amepasuliwa mgongo. Leo wamemruhusu, nikitoka hapa namfuata, nampeleka nyumbani amelala kiti cha nyuma. Daktari amesema asitikiswe. Kutoka hospitali mpaka hapa tu, mimi mzima nimesikia mpaka kwenye meno."

"Atalala kama mtoto mchanga," bosi akasema.

Gurudumu la kushoto likapanda kwenye mashine. Likazunguka: ishirini na tano, upande wa nje. Bosi akabana risasi. Likazunguka tena: arobaini, sasa upande mwingine. Akabana. Mara ya tatu ikarudi upande wa kwanza, hamsini, naye akazidi kubana. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla ya mara ya tatu. Mlenda ulikuwa unatembea mle ndani, kila mzunguko unalala mahali papya, na sisi tulikuwa tunaufukuza kwa risasi.

"Bosi," nikamnong'oneza, "ni ile dawa. Tulifungue."

"Nyamaza. Mashine imechoka na joto."

Akaizima. Mama alikuwa nyuma ya kioo cha mashine, haoni namba. Bosi akalipiga gurudumu kofi, kama mtu anayemsifia ng'ombe wake mnadani, akasema, "Sifuri kwa sifuri, mama!" Kisha akanikabidhi nikalifunge.

Nilikaza nati mbili. Rimu ilikuwa na risasi nane, zimepangana kama meno mabovu. Nilimfikiria yule mgonjwa kwenye mteremko wa Kibakwe, na kosa halikuwa la bosi peke yake. Bosi asingeweza kupika kitu kile bila mimi.

"Mama, usiondoke nalo," nikasema. "Halijasoma sifuri hata mara moja."

Bosi alinitukana tusi ambalo sitaliandika. Mama hakumtazama. "Lifungue," akaniambia.

Nilipolibandua tairi kwenye rimu, harufu ilitoka kabla ya kitu chenyewe. Siku tisa za jua la Dodoma ndani ya mpira mweusi. Ilikuwa nyama iliyooza, ilikuwa soksi, ilikuwa tumbo la samaki aliyesahaulika chini ya mtumbwi. Kisha ukamwagika, kijivu, ukivuta nyuzi ndefu kutoka mdomo wa tairi mpaka kwenye viatu vyangu. Bosi akaziba pua kwa kola ya shati lake safi, akarudi nyuma.

Mama akainama. Akazitazama nyuzi zile.

"Huu ni mlenda," akasema.

Akainuka, akatutazama sote wawili.

"Nani amekoroga?"

"Mimi, mama."

"Nyumbani kwenu mnakula?"

"Tunakula."

"Na ukauweka humu." Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. "Safisha."

Nilimaliza madumu mawili, bosi akihesabu kwa sauti kila kata ya maji. Nilikwangua kwa kucha, nikang'oa risasi zote, nikabandika kiraka kwa ndani. Gurudumu likapanda. Kumi na tano upande mmoja. Nikabana. Sifuri, sifuri. Furaha ya zamani haikuja.

Nilidhani ataondoka. Akafungua mlango wa nyuma.

"Panda. Lala chali, kama atakavyolala yeye."

Nikalala, magoti juu. Tukaingia barabarani. Sikuona kitu ila dari ya gari na nyaya za umeme zinazopita dirishani. Alikuwa anazitaja namba kwa sauti ya darasani: "Sitini. Sabini. Themanini. Mgongo unasema nini?"

Niliusikiliza mgongo kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. "Umetulia, mama."

"Una uhakika, au ni sifuri ya bosi wako?"

"Umetulia."

Hakunirudisha karakana, nami sikuomba. Alikwenda moja kwa moja hospitali, na mimi na muuguzi mmoja tukamwinua mdogo wake kwenye shuka, taratibu, tukamlaza mahali nilipokuwa nimelala mimi. Alikuwa mwembamba, macho makubwa. Nilipomwekea mto chini ya magoti, akageuza uso.

"Dada, nini kinanuka hivi?"

Mama aliniangalia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akawasha gari. Nikiwa bado nimesimama mlangoni, nikaficha mikono mgongoni.