Kiti cha Mtoto Ng'ambo ya Mfereji

Walisema sitafika hata Arusha. Walisemea mashineni, pale Rhotia, ambapo wanawake walipanga foleni na madebe yao ya mahindi na wanaume wasio na kazi walikaa ukutani na maneno yao.

"Mtoto wa mvunja kokoto aende Ulaya kusomea maji?" alisema mmoja. "Maji gani ya kusomea? Si haya hapa yanateremka yenyewe?"

Wakacheka. Niliyasikia yote, maana nilikuwa nimesimama pale pale na debe la mama begani.

Basi nilikwenda, na nikarudi na diploma ya ufundi wa maji. Naisema wazi kwa kuwa sikuinunua wala sikushikwa mkono na mjomba yeyote. Nilivunja kokoto za barabara pamoja na baba, jioni nikasoma, na siku ya mtihani wa ufadhili nikawapita watoto wa wakubwa waliokuja kwa gari. Asiyependa kusikia mtu akijisifu asisome habari zangu, maana sina namna nyingine ya kuzisimulia.

Ila sikuondoka na kitu changu mwenyewe. Koti lilikuwa la katekista, sanduku la mwalimu mkuu, na viatu vya mwenye duka wa Karatu, ambaye alinitazama nikivifunga kamba akaniuliza, "Kijana, utarudi na viatu au utarudi na miguu tu?"

Mama hakuwa na kitu cha kuazimisha. Akaingia ndani, akatoka na mbeleko yake, ile ya pamba nzito ya kahawia aliyotubebea sisi sote. Nikamwambia, mama, mimi mwanaume, mbeleko ya nini? Akanizungushia shingoni.

"Kule kuna baridi," akasema. "Na usifikiri nimekupa. Nimekuazima. Utanirudishia ikiwa na mtu ndani."

Huko Ulaya nilioa binti wa Mbulu aliyekuwa akisomea uuguzi, tukapata mtoto wa kiume. Nilipomaliza masomo, kazi ilikuwa inaningoja: kujenga mabirika ya kunyweshea mifugo na kuvuta mabomba kule Ngorongoro. Mke wangu alikuwa bado na mitihani. Tukakubaliana nitangulie na mtoto, akiwa na miezi sita, mama amshike mpaka mwenzangu afuate. Mama akajibu kwa mkono wa mdogo wangu wa kike: "Mlete. Mgongo wangu hauna kazi siku hizi."

Watanzania wenzangu kule waliposikia, walinicheka kama wale wa mashineni.

"Mwanaume peke yake, na mtoto anayenyonya chupa, ndege mbili?" alisema mmoja. "Utamsahau chooni uwanja wa ndege."

"Nitamfikisha," nikasema, "na atafika ameketi kwenye kiti chake."

Maana nilikuwa nimenunua kiti. Kule mtoto hasafiri garini mapajani mwa mtu. Anafungwa kwenye kiti chake cha plastiki ngumu. Changu kilikuwa cha rangi ya chungwa, kina kijigodoro ndani na mikanda inayokutana kifuani kwenye kifungo. Ukikibana, kinalia *ta*. Nilikipenda kile kiti kuliko suti yangu ya mahafali. Kichwani nilimwona mama akikizunguka na kushangaa, na watu wa mashineni wakiuliza bei.

Ndani ya ndege mhudumu alitaka kukipeleka kwenye mizigo. Nikamwonyesha nafasi tupu kando yangu, nikamfunga mtoto mle, akalala kama bwana shauri. Mzee mmoja wa kwetu, mtu wa wizarani kwa sura yake, alinyoosha shingo kutoka nyuma.

"Kijana, mama yake yuko wapi?"

"Anafanya mtihani, mzee."

"Na wewe ukakubali?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aufanye."

Akatikisa kichwa. Lakini mtoto alipolia juu ya jangwa, ni yeye aliyemshika nikikoroga maziwa, na nilimsikia akimwimbia kwa sauti ya chini ili abiria wengine wasisikie.

Uwanja wa Kilimanjaro, afisa wa forodha alikigeuza kiti juu chini. "Hiki ni cha daktari wa meno?" Nikambania kifungo, *ta*, akacheka akanipitisha.

Arusha nilikodi Land Rover kwa siku tatu. Karani aliuliza dereva wangu ni nani, nikamwambia dereva ni mimi. Gari halikuwa na mkanda hata mmoja wa kushikia kiti. Nikanunua mipira ya matairi ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, nikakikaza kiti kwenye kiti cha mbele mpaka kikawa kama kimechomelewa. Tulipoacha lami Makuyuni, vumbi likaingia kila tundu. Nilimfunika mtoto na mbeleko ya mama, nikiifunua kila mara kuona kama anapumua. Kupanda ule mlima juu ya Mto wa Mbu niliimba peke yangu. Nilikuwa naleta kila nilichoahidi.

Nilipitiliza Rhotia mpaka Karatu, nikasimama dukani kwanza, nasema kweli, ili nionekane. Viatu vya yule mzee nilikuwa nimevipaka rangi, vimefungwa kwenye karatasi. Alitoka, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, asitanie.

"Hukupata simu?"

"Simu gani?"

"Pole, mwanangu. Baba yako tumemzika juma lililopita. Kifua."

Nikamnyooshea viatu kama mpumbavu, maana mkono ulikuwa umeshanyooka. Akarudi hatua nyuma.

"Kaa navyo. Mpaka nyumba yenu ifunguliwe. Mama yako yuko kwenye metimani."

Msomaji wa mbali hatalijua neno hilo. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile hufungwa. Waliomo hawaingii kwa watu, hawachangii moto wala chombo, na kitu hakitoki kwao kwenda kwa mwingine, mpaka wazee waseme imetosha. Inaweza kuchukua misimu ya mvua. Na anayehofiwa kudhurika zaidi ya wote ni mtoto mchanga. Sote tulikuwa tumebatizwa, na katekista alikuwa akisema kanisa halidai jambo hilo. Lakini mama hakuwa amemuuliza katekista.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mbele ya boma letu unapita mfereji mwembamba, mtoto wa shule anauruka. Nilimbeba mtoto na kiti chake, nikauelekea. Mama akatoka mlangoni, amenyolewa kichwa, na mdogo wangu nyuma yake.

"Simama hapo!"

Sikuwahi kusikia sauti ile kwake.

"Mama, ni mimi."

"Nimekuona. Usivuke. Usimlete."

"Mama, mimi nimesoma. Ugonjwa unaletwa na vijidudu, hauletwi na msiba."

"Nimesikia. Na kwa kuwa umesoma, basi simama hapo hapo."

"Mlisema mtamshika. Nimemtoa Ulaya."

"Kabla yako nilizika watoto wawili," akasema, "kwa sababu kulikuwa na mtu wa nyumba iliyofungwa aliyesema ni mambo ya kizamani akaja kutusalimu. Huyu simziki. Hata ukinichukia."

Sikuwahi kujua habari za hao wawili. Nilisimama pale na diploma yangu. Ningeweza kuruka mfereji. Ningemwekea mtoto mikononi kwa nguvu, na angekufa kwa hofu kila mtoto akipiga chafya.

Baadaye akasema, kwa sauti yake ya siku zote, "Kiweke chini hicho kiti. Halafu wewe rudi garini."

Nikakiweka kwenye majani upande wangu wa mfereji. Mama akasogea mpaka ukingo wa upande wake, akachuchumaa, mikono ameikunja kifuani.

"Mgeuze. Jua linampiga machoni."

Nikaja nikamgeuza, nikarudi.

"Ana masikio ya baba yako," akasema. "Masikini, masikio yale." Kisha akamwambia mtoto, "Wewe, unaketi kama chifu, umekuja kutudai kodi?"

Mtoto akamchekea. Mdogo wangu akageuka akaingia ndani. Nilinyanyua mbeleko nimwonyeshe mama kwamba sikuipoteza.

"Kaa nayo," akasema. "Mkataba ni ule ule."

Nikampeleka mtoto Ngorongoro, kwenye nyumba niliyopewa, kwenye ukungu. Jirani yangu, mama wa Kimasai, mke wa mlinzi, alimshika mchana nikiwa kazini. Kiti kilimchekesha. "Mnamlaza kwenye hori," alisema, "na wewe ndiye unayejenga mahori ya ng'ombe wetu! Umeanza na la mwanao." Nilipomsimulia habari za mama hakucheka. Alisema kwao wangefanya vingine, lakini mama ni mama.

Kila Jumamosi niliomba gari la kazi literemke nami Rhotia. Nilikiweka kiti mahali pale pale, mpaka majani yakafa kwa umbo lake. Mama alikuwa ameshakuja ukingoni kabla sijazima gari. Alimwimbia, alimtania, alimsimulia babu yake. Mtoto akaijua sauti yake. Mke wangu alipofika kutoka Ulaya na sanduku la vitabu, alikuta mwanawe akitafuta kwa macho mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa.

Halafu mtoto akajifunza kutambaa.

Siku hiyo nilimweka kitini kwenye majani bila kumfunga. Mama alimwita tu, kama kawaida yake. Mtoto akashuka kitini, akaanza kwenda, magoti yake mekundu kwa udongo, moja kwa moja kwenye mfereji. Mama aliruka akasimama. Alirudi nyuma, na mtoto akazidi kwenda. Alirudi mpaka mgongo ukagonga ukuta wa nyumba, analia, "Mshike! Mshike, mwanangu, anakuja!"

Nilimnyakua. Alinipiga mateke. Nilimrudisha kitini, nikavuta mikanda, nikabana kifungo. *Ta.* Nilikuwa nimekinunua kile kiti ili kimkinge na barabara. Kuanzia siku ile kazi yake ilikuwa kumzuia asimfikie bibi yake, na mikono iliyomfunga ilikuwa yangu.

"Ndivyo," alisema mama kutoka ukutani, akijifuta uso kwa kiganja. "Kiti kizuri. Ulinunua cha maana."

Nimesifiwa na watu wengi maishani, na nimefurahia. Ile sifa sijaweza kuifurahia mpaka leo.

Wazee walikuwa wamesema baada ya mavuno nyumba itafunguliwa. Mama alianza kujiandaa. Alimwambia mdogo wangu akande udongo wa sakafu upya. Alinyoosha mgongo mbele yetu, ng'ambo kule, akitania: "Uko tayari. Kilo ngapi huyo? Nitambeba mpaka sokoni Karatu, wamwone." Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani. Baridi ya mwezi wa saba ikaja na upepo wa kutoka juu, na kile kile kifua kilichomchukua baba kikamshika yeye. Jumamosi moja hakuja ukingoni. Mdogo wangu alisimama mlangoni akatikisa kichwa. Siku hiyo nilimwachia mke wangu mtoto garini, nikauruka ule mfereji.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama ganda. Aliuliza kama mtoto amefungwa vizuri.

"Amefungwa, mama."

"Haya."

Hakufika Jumatatu.

Wazee wakahesabu upya, na nyumba ikakaa imefungwa msimu mwingine mzima. Kwa kuwa nami nilikuwa nimeingia, sikuruhusiwa kugusana na mtu. Nilikaa mle na mdogo wangu mpaka siku zangu zilipotimia, kazi yangu ikaningoja, na mke wangu alikuja kila Jumamosi na mtoto, akasimama pale pale nilipokuwa nikisimama mimi. Niliwatazama kutoka upande wa mama. Kiti hakikuwepo tena, mtoto alikuwa amekua, hakikumtosha. Sasa alikuwa akitembea, na mama yake alimshika kwa nguvu mkononi.

Siku wazee walipomaliza kazi yao na kusema nyumba iko wazi, nilitoka asubuhi kulipa wote walioniazima. Katekista alilipokea koti lake, akalivaa hapo hapo ingawa kulikuwa na jua. Mwalimu mkuu alifungua sanduku akanusa ndani, akasema linanuka Ulaya. Mwenye duka alipima viatu kwa kidole gumba, akakuta kisigino kimebadilishwa, kipya.

"Kumbe umerudi na vyote viwili," akasema.

"Nimerudi navyo, mzee."

Kisha nikarudi Rhotia, mke wangu na mtoto walikokuwa wananingoja njiani, nikamchukua mtoto, nikamwambia mke wangu anisaidie kufunga, maana sikujua. Akanifunga mbeleko ya kahawia mgongoni, mtoto ndani yake, fundo kifuani. Mwanaume habebi hivyo kwetu. Nilipita mbele ya mashine, wale wale wa ukutani wakiwa wamekaa. Nikafika nyuma ya nyumba, kwenye makaburi mawili ya baba na mama, nikachuchumaa ili mtoto aone juu ya bega langu.

"Mama," nikasema, "nimekurudishia. Mtu yumo ndani."