Mgomba Mmoja Tu

Pale Majengo, udongo uliletwa kwa magunia. Januari ya 2002 mlima wa moto ulipasuka, ukashuka hadi mjini Goma, na parseli ya Annonciata, kiwanja chenye nyumba, mparachichi na vitalu vya kabichi, ikalala chini ya jiwe jeusi lenye kimo cha mtu. Jiwe lilipopoa, watu walirudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakasimama juu ya mtaa wao kama waliosimama juu ya paa, kila mmoja akijaribu kukumbuka chini ya nyayo zake palikuwa na nini. Karatasi za parseli zilikuwa zimeungua. Ikabidi watafutwe mashahidi.

Shahidi wa Annonciata alikuwa Dative. Walikuwa wametoka pamoja Rutshuru wakiwa wasichana, na Dative ndiye aliyemshika Daniella, binti pekee wa Annonciata, siku ya ubatizo. Alipiga mguu chini mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, akasema, "Hapa palikuwa mulango ya jikoni ya mama Daniella. Nilikula ugali hapa mara ngapi?" Neno lake likatosha.

Miaka mitatu Annonciata alivunja jiwe kwa nyundo. Vipande alivipanga kuwa ukuta. Kila Jumamosi, chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, zilizoteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi zilimletea gunia moja la udongo juu ya mzigo. Aliumwaga, akausambaza kwa viganja, akausubiri mwingine. Watoto wa avenyu walisema mama Daniella analima sakafuni. Lakini sakafu ile ilipofikia shubiri mbili ikatoa mchicha wa lenga-lenga, kabichi, karoti, na ukutani ikapandisha marakuja, matunda ya pasheni, ambayo wake za mapadri, kama alivyopenda kutania, wangeyasifu laiti wangekuwepo.

Sasa, kwa watu wa milima ile kuna jambo ambalo hakuna anayefundishwa, kwa sababu kila mtu huzaliwa akilijua. Aliyeazimwa shamba hupanda maharagwe, hupanda mboga, hupanda chochote kinachozaa na kufa. Hapandi mgomba. Mgomba unakaa, na aliyeupanda hukaa nao. Na akivuna, humpelekea mwenye shamba fungu la kwanza, hata kama ni kikapu kidogo. Si kodi. Ni kukumbushana nani ni nani.

Novemba ya 2012, siku mbili kabla waasi hawajaingia mjini, Daniella alipiga simu kutoka Bukavu kwamba uchungu umeanza mapema. Annonciata alifunga kitenge, akamwita rafiki yake shambani.

"Mama Lévi, ninakuachia kila kitu. Lima, mukule. Ila kitu ya miaka, hapana."

Dative akacheka. "Unanifundisha mimi? Mimi nilikuona ukilia juu ya jiwe."

Annonciata akateremka hadi bandari ya Kituku, akapanda boti.

Mjukuu alizaliwa dhaifu, na vita havikuwa na haraka ya kwisha. Mwezi ulizaa mwezi. Februari, boti lilileta mfuko wa maharagwe kutoka kwa Dative, safi, yamepetwa. Annonciata aliyashika akalia kidogo, kisha akapiga simu.

"Yamefika, mama Lévi. Lakini usihangaike tena. Una watoto sita, vita imepandisha bei ya kila kitu. Mukule tu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Aprili, Dative ndiye aliyepiga. "Mama Daniella, kona ile ya chini, mvua inabeba udongo. Udongo yako ya Kibumba. Niweke mugomba moja tu, mizizi ikamate?"

Annonciata alikuwa amempakata mjukuu mwenye homa. Aliona magunia yake yakishuka ziwani moja baada ya jingine. "Weka moja," akasema. "Na Mungu akubariki kwa kunitazamia."

Alirudi baada ya mwaka na nusu. Nyumba yake ya mbao ilikuwa pale pale upande wa juu, imefungwa, na marakuja yamefunika nusu ya bati. Upande wa chini, ambako udongo ulikuwa na kina kuliko kwingine kote, aliona majani mapana. Akahesabu migomba. Kumi na mmoja. Katikati yake palisimama nyumba nyingine ya mbao, mpya, na mlangoni Dative alikuwa anamenya viazi.

"Karibu, jirani," Dative akasema.

Jirani. Miaka yote ile alikuwa akimwita mama Daniella.

"Nyumba hii ni ya nani, mama Lévi?"

"Tulifukuzwa kule tulikopanga. Watoto wangelala wapi?" Hakuinua macho kutoka kwenye kiazi. "Ungeniambia nini, nilale barabarani na migomba yangu iko hapa?"

Shauri lilikaa kwa muzee Barthélemy, shefu wa avenyu, kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yake. Wazee watano, na nusu ya mtaa ukutani.

"Nani alipanda migomba?" muzee akauliza.

"Mimi," Dative akajibu.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yake. Mumuulize."

Wote wakamgeukia Annonciata. "Nilisema moja," akasema. Ukutani mtu akacheka, wengine wakamfuata.

Muzee Barthélemy hakucheka. Alimtazama karibu kwa huruma. "Mama, wewe ni mutu wa kulima. Ulifikiri mugomba itabaki moja?"

Annonciata alijua jibu. Alikuwa ameona migomba tangu anatambaa. Hakuna aliyewahi kuona mmoja uliobaki mmoja.

"Na fungu ya mwenye shamba, ulipeleka?" muzee akamwuliza Dative.

"Nilipeleka mara ya kwanza, kwa boti. Akaniambia niache."

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Dative hakusema uongo hata mmoja. Alichukua maneno mawili ambayo Annonciata aliyasema kwa mapenzi, moja la maharagwe na moja la mgomba, akayachomeka ardhini kama vigingi vya mpaka.

Annonciata akasimama. "Dative. Mwaka ule wa mlima, ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema jikoni yako ilikuwa hapa. Hata leo ninasema." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini jikoni yako iko chini ya jiwe. Mimi nilipanda juu."

Wazee wakaigawa parseli. Upande wa juu, nyumba na ukuta wa marakuja, kwa Annonciata. Upande wa chini kwa Dative. Mstari wa mawe meusi ukapangwa katikati, na mawe yenyewe yalitoka kwenye rundo alilolivunja Annonciata kwa nyundo yake.

Miaka saba walisalimiana kuvuka mstari ule. Habari, jirani. Nzuri, jirani. Dative alipovuna mkungu wa kwanza alimletea Annonciata chane mbili. Annonciata aliziacha juu ya jiwe mpaka mbuzi wa mtu akazila.

Mei ya 2021 mlima ukapasuka tena. Moto ulisimama kabla ya kuingia mjini, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka, na asubuhi ya Alhamisi amri ikatoka kwamba Majengo yote ihame. Dative alipita na wajukuu, godoro kichwani. Akasimama kwenye mawe.

"Hauendi, jirani?"

"Magoti inakataa."

Dative akatazama nyuma, kwenye majani yake. "Basi... unitazamie migomba."

Mtaa ukawa mtupu hata mbwa wakaacha kubweka. Siku ya tatu Annonciata alichukua panga, akavuka mstari. Alisimama mbele ya ule mgomba wa kona, mama wa wote, akauwekea kiganja. Nani angemwona? Udongo ulikuwa wake, alijua kila gunia. Alisimama mpaka mkono ukachoka na panga. Kisha akakata majani makavu, akayatandaza chini, na katikati ya migomba akamwaga mbegu za lenga-lenga.

Dative alirudi baada ya wiki sita, kutoka Minova. Hakuwa hata ametua godoro wakati Annonciata alipovuka mawe na fungu la lenga-lenga lililong'olewa na mizizi yake, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Hii imetoka kwako. Nilipanda katikati ya migomba yako. Ni fungu ya mwenye shamba."

Dative alilipokea kwa mikono miwili. "Mama Daniella..."

"Hapana. Jirani." Annonciata alikuwa amekwisha kugeuka. "Kitu ya miaka sikupanda. Nilitaka tu ujue kwamba inawezekana."

Alichukua muda mrefu kuvuka mawe, kwa sababu ya magoti. Nyuma yake Dative alibaki amesimama na lile fungu, na udongo wa Kibumba ukimdondoka miguuni.