Rangi Ambayo Karla Angeiona

Tage Nørby aliingia dukani kwangu siku moja ya mwezi wa pili, amebeba madigadi ya trekta kwapani, theluji imemgandia mabegani. Akaiweka juu ya kaunta niliyotoka kuifuta.

"Jytte, nataka rangi nyekundu. Ing'ae, na isichoke."

Nimeuza rangi hapa Hurup miaka ishirini na saba, na wanaume wenye matrekta ya zamani nawajua. Watabishana nusu saa juu ya wekundu wa kiwandani, halafu wanunue brashi moja. Kwa hiyo nilimjibu kwa ukali kidogo.

"Isichoke mpaka lini?"

"Mpaka Karla afe, au mimi. Yeyote atakayetangulia."

Ukali ukaniisha. Nikamvutia kiti.

Tage si mtu wa maneno. Alizaliwa kwenye shamba lile lile analokaa sasa, upande wa baharini, akalirithi akiwa kijana, akafuga ng'ombe wa maziwa hadi magoti yakakataa. Siku ng'ombe walipopakiwa kwenye lori, majirani walikwenda kumpa pole wakamkuta anafagia zizi. Alifagia mpaka jioni, kisha akauliza kama kuna anayetaka kahawa. Kila mashine iliuzwa, isipokuwa trekta moja jekundu, nalo hakuliuza kwa sababu halikuwa lake. Lilikuwa la Karla, mkewe. Baba yake alimpa siku alipoolewa, na Karla akapalilia nalo bitiruti za kulisha ng'ombe miaka ishirini na zaidi, huku mtoto amekalishwa ndani ya sanduku la spana.

Sasa macho ya Karla yalikuwa yanaisha. Katikati pameingia kiwaa. Akikutazama haoni uso, anaona masikio yako. Daktari alimwambia kilichobaki ni pembeni, na mwanga, na vitu vinavyong'aa, na hata hivyo vitapungua mwaka hadi mwaka. Mwezi wa sita, tarehe kumi na nne, wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Tage alitaka siku hiyo mkewe alione trekta lake. Alione mwenyewe, asisimuliwe.

Wiki iliyofuata akamleta. Nilikuwa nimepaka vibati vitatu: cha kwanza wekundu mfu wa zamani, cha pili rangi ya mafuta ya kupaka kwa brashi, cha tatu rangi ile inayochanganywa na dawa ya kukazia, ya kupuliza kwa bunduki ya rangi. Karla akavishika kimoja kimoja dirishani, kichwa amekiinamisha upande.

"Natazama kama kuku siku hizi, msinicheke," akasema. "Hiki cha kwanza sikioni kabisa. Hivi viwili naviona. Tofauti yake nini?"

Nikamwambia ukweli. Ile ya brashi ni rahisi na haina sumu kubwa, ila kwa jua na upepo huu wa chumvi, mng'ao utakufa baada ya miaka mitatu. Ya dawa itang'aa kumi, lakini inataka barakoa ya maana na bati lililo safi kuliko sahani ya kulia.

"Miaka mitatu bado nitakuwa naona kitu," Karla akasema. "Ni baada ya hapo ndipo nitaitaka ing'ae. Nipe ya kumi."

Preben, mwenyekiti wa chama chetu cha matrekta ya zamani, alikuwa amekuja kununua tapentaini, na huyo hawezi kupita penye maongezi bila kuyakanyaga.

"Tage, hiyo ni rangi ya bembea za watoto! Matrekta ya enzi zile hayakung'aa hivyo. Likija limemeremeta namna hiyo, mstari wa mbele wa maonyesho yetu uusahau."

"Basi liweke nyuma, karibu na choo," Tage akasema. "Sikupakii wewe."

Preben akalipia tapentaini yake, na mimi nikampunguzia Tage bei ya msasa.

Nilimwelekeza mara tatu. Kwangua mpaka chuma kitupu. Osha kwa dawa ya kuondoa mafuta. Siku hiyo hiyo paka rangi ya msingi, usiache chuma kilale wazi. Akaitikia kila mara, "Ndiyo, binti," na mimi nikaridhika. Nilipaswa kukumbuka naongea na mtu wa Thy, pwani yetu hii.

Huku kwetu chumvi ya bahari hula chuma usiku mmoja. Kwa hiyo kila mwenye shamba, tangu babu zake, hukipaka chuma oili chafu iliyochanganywa na mafuta taa. Plau, haro, bawaba za mlango, chochote. Mkono unafanya wenyewe, kama kujifunga kamba za viatu. Mwezi wa tano Tage alimaliza kukwangua na kuosha, mvua ikaanza, akaenda kula. Aliporudi bandani akaona chuma kitupu, na upepo unavuma kutoka magharibi. Mazoea yana taabu. Akachukua kitambaa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, akaja dukani bila kofia.

"Rangi imekataa. Imejaa vishimo, na inabanduka kwa ukucha."

"Tage. Ulipaka oili?"

"Kidogo tu. Isishike kutu."

Sitayaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye akanikumbusha, kwa upole, kwamba mkuu pale ni yeye, kanizidi miaka ishirini. Hapo nikaona rangi iliyobanduka imejaa chini ya kucha zake, nikajionea haya. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya mafua, nikaenda naye.

Ilikuwa mbaya kuliko alivyosema. Tulikwangua upya trekta zima, tukaosha, tukakausha, tukaosha tena, maana oili ilikuwa imeingia hadi kwenye mikunjo ya bati. Bunduki ya rangi ilikuwa yangu, barakoa ilikuwa moja. Rangi hiyo ikishapulizwa inataka wiki nzima ya kukauka vizuri, na siku zilizobaki zilitosha kipande kimoja tu. Tungeweza kupaka trekta zima harakaharaka kwa rangi ya makopo ya kunyunyiza, ing'ae asubuhi moja tu. Nikamwachia aamue.

"Boneti," akasema. "Tupake boneti vizuri, ya kudumu. Ndiyo yenye mng'ao mkubwa. Madigadi tuziache na rangi ya msingi ya kijivu, nitazimaliza kiangazi. Karla usimwambie. Hawezi kutambua, maskini. Ataona ule mng'ao tu."

Karla alikuwa amekatazwa kukanyaga bandani, na majirani wote wakaonywa.

Tarehe kumi na nne, saa moja asubuhi, tulikuwa uani kwao, watu kama arobaini, kama desturi ilivyo. Usiku majirani walikuwa wamejenga lango la matawi ya misonobari kuuzunguka mlango wao, na namba hamsini ya karatasi ya dhahabu juu yake. Tarumbeta ikapigwa, tukaimba, wakatoka na nguo zao za kulalia kama inavyopasa, nywele za Tage zimesimama wima. Mikate na mvinyo mchungu vilikuwa tayari mezani. Kisha mwana wao akalileta trekta kutoka bandani, polepole, akalizima mbele ya ngazi. Jua lilikuwa limeshapanda. Boneti iliwaka mpaka mimi mwenyewe nikafumba macho. Nyuma yake madigadi zilikuwa za kijivu tupu, mbili, kubwa, za aibu.

Preben akajijaza mkate mdomoni. Mungu anajua alivyojizuia.

Karla akashuka ngazi na slipa zake. Akasimama, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akatulia, kisha upande wa kulia. Akasogea hatua mbili. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa na nilisahau kuinywa.

"Tage," akasema, "hii boneti ni nzuri sana. Lakini madigadi zangu mbona umeziacha za kijivu?"

Tage akakaa kwenye ngazi, palepale, mbele ya watu arobaini, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Ameona," akawa anasema. "Ameziona. Zote mbili."