Kitenzi Nilichokilainisha

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiebrania cha Agano la Kale katika chuo cha wachungaji, na katika miaka yote hiyo nilikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wangu waliichukia: asiyeliona andiko kwa macho yake asilisemee. Aliyeniambia kwamba wataalamu wanasema hivi au vile nilimwuliza ni wataalamu gani, na ukurasa wa ngapi. Akishindwa, alikaa chini. Nalitaja hili mapema kwa sababu ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, na kwa sababu hayanipi sifa.

Nilipostaafu nilirudi Bulembia, nje kidogo ya mji wa Kasese, na baada ya muda wazee watatu wa Bwera waliniomba niwakagulie tafsiri mpya ya Kitabu cha Waamuzi waliyokuwa wakiiandaa kwa Lhukonzo, lugha ya milima yetu. Tulifika sura ya kumi na mbili. Humo Waefraimu wamepigwa vitani na wanataka kuvuka Yordani warudi kwao, lakini Wagileadi wameshika vivuko. Kila anayetokea huambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuwa na sauti ile ya mwanzo vinywani mwao. Walisema Sibolethi, na hivyo wakajulikana. Wataalamu wamebishana sana kama neno lenyewe maana yake ni suke la nafaka au mkondo wa maji, na kama sauti yake ilitamkwa kama tunavyodhani leo. Mimi nina maoni yangu katika ubishi huo, lakini siku ninayoisimulia nilikuwa nakwenda Bwera kwa ajili ya kitenzi cha mwisho. Rasimu ya wazee ilisema kwamba aliyekosea kutamka aliuawa. Kiebrania hakisemi hivyo. Kinatumia kitenzi cha kuchinja, kilekile cha ng'ombe na kondoo wa sadaka. Nilikuwa nimewaandikia pembeni kwa wino mwekundu: Msilainishe.

Macho yangu hayawezi tena kusoma nukta ndogo zinazowekwa chini ya herufi za Kiebrania kuonyesha irabu. Kwa hiyo kila mstari ninaotaka kuufanyia kazi huunakili kwa mkono katika daftari la shule, kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza kuandika. Biblia yenyewe niliiacha nyumbani. Nilipanda gari asubuhi nikiwa na daftari lile tu katika mkoba, pamoja na miwani na chakula changu.

Wiki ile ilisemekana kwamba watu wenye silaha walikuwa wamevuka mpaka kutoka Kongo. Sikuamini hata nusu ya yaliyosemwa. Lakini tulipopita Kisinga na kukaribia Bwera, kizuizi kilikuwepo barabarani, na kando yake lori la jeshi lenye mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Ndani ya lori walikaa wanaume wawili sakafuni, mikono imefungwa nyuma. Hilo halikuwa la kusikia.

Tuliteremshwa, simu zetu zikakusanywa katika boksi. Afande, mtu mrefu wa kutoka mbali, si wa milima yetu, alipita mbele ya mstari akimwambia kila mmoja neno moja:

“Sema mtu.”

Tulisema. Nilielewa mara moja alichokitafuta, maana wasemao Kiswahili ng'ambo ya mpaka husema mutu. Nilikuwa nimebeba kisa hiki katika mkoba, kwa Kiebrania, na sasa nilikuwa nimesimama ndani yake. Mimi nilisema mtu, kama nilivyofundishwa darasani, nikapita. Mama mmoja mchuuzi wa vitenge aliyekaa nyuma yangu garini alisema mutu. Aliambiwa akae kwenye benchi karibu na lori. Hakubisha, aliweka mzigo wake miguuni na kuukumbatia kwa magoti.

Kisha askari mmoja akafungua mkoba wangu.

“Afande, huyu mzee iko na Kiarabu.”

Nilisema ni Kiebrania. Afande akalichukua daftari, akaligeuza juu chini, kisha kushoto kulia.

“Waebrania ni barua ya Paulo,” akasema. “Mimi nasoma Biblia. Wewe na Paulo mnaandikiana?”

Askari wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na kicheko changu kilinitisha, kwa sababu sikukitaka. Akaniuliza nukta zile ni za nini, kama ni ramani. Nikamweleza irabu. Nilimweleza kwa urefu, kama mbele ya darasa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Alipotambua kwamba mistari husomwa kutoka kulia alimtazama mwenzake na kutikisa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Hapo nilifanya kosa la msomi. Nilisema aitwe mtu anayekijua Kiarabu, aseme kama herufi hizi ni za Kiarabu. Nilifikiri juu ya ushahidi. Sikufikiri hata kidogo juu ya shahidi. Askari wakamleta shehe mmoja wa sokoni, fundi cherehani anayewafundisha watoto Kurani, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Alipoliona lori alisimama, wakamsukuma. Nilijua wakati ule kwamba nimemtia mtu asiye na hatia katika shimo langu.

Aliangalia ukurasa kwa muda mrefu.

“Afande, hii herufi mimi sijui hata moya.”

“Si Kiarabu?”

“Si Kiarabu.”

“Basi iko mbaya ao iko muzuri?”

“Sijui, afande. Kitu sijasoma, nitasema nini juu yake?”

Ni jibu ambalo ningempa mwanafunzi alama zote. Lakini pale barabarani nilimchukia kwa ajili yake. Nilitaka aseme kwamba ni maandiko matakatifu, kwamba ananijua, kwamba mimi ni mtu mwema. Nilitaka aseme lolote, hata asilolijua. Nililitamani neno la kusikia kama mwenye kiu anavyotamani maji.

Afande akalishika daftari wazi mbele yangu, akaniamuru nisome kwa sauti. Nikaanza mstari wa sita: vayomru lo. Akaniinulia mkono.

“Umesema amuru. Nani anaamuru?”

Maneno mawili haya, vayomru na amuru, yana shina moja. Kwa Waebrania lilibaki kuwa kusema tu. Kwa Waarabu likawa kutoa amri, na kutoka kwao likafika kwetu. Nimelifundisha jambo hili nikilifurahia. Sasa afande alikuwa amemgeukia shehe na kumwuliza kama amuru ni Kiarabu, na shehe, mtu wa kweli, alijibu kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, amuru asili yake ni Kiarabu. Askari mmoja akanishika mkono juu ya kiwiko. Miguu yangu ilianza kutetemeka hata suruali ikaonekana inacheza. Mimi ni mtu mzima sana, na sikuwa nimewahi kuona miguu yangu ikinikataa mbele ya watu.

“Ni kusema, afande,” nilisema. “Walimwambia: sema neno hili.”

“Nani walimwambia?”

“Walinzi. Walikuwa kwenye kivuko, wakipima watu kwa ulimi.”

Akalishusha daftari kidogo. Alikuwa ananisikiliza kwa mara ya kwanza.

“Kwa Biblia?”

“Kwa Biblia.”

“Na mutu akisema vibaya?”

Neno lilikuwa mbele yangu, chini ya kidole changu, herufi nene nilizoziandika mwenyewe. Nililitazama. Nyuma ya afande nililiona lori, na yule mama kwenye benchi akitutazama, kwa sababu hata yeye alikuwa ameelewa kwamba swali lilimhusu.

“Walimzuia asivuke,” nikasema.

Afande akaguna kwa kuridhika. Aliwaambia vijana wake kwamba hata wazee wa Biblia waliifanya kazi hii. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima, akatuambia mimi na shehe twende zetu. Gari letu lilikuwa limekwisha kuruhusiwa na kuondoka. Mama alibaki.

Tulitembea kuelekea mjini, shehe na mimi, bila kusema mpaka tulipopita mahali ambapo wasingeweza kutusikia. Nilimwomba radhi. Alisema si kitu; kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya uzi:

“Mwalimu, kweli walimuzuia tu?”

Ningeweza kunyamaza. Lakini uongo niliokwisha kusema siku ile ulinitosha.

“Walimchinja,” nilisema.

Alisimama. Aliondoa futi shingoni, akaikunja na kuitia mfukoni.

“Ule mama mimi namujua,” alisema. “Namushoneaga nguo za gomesi tangu binti yake anaolewa. Mbele ya afande niliogopa.”

Akageuka, akarudi alikotoka, kwa hatua fupifupi za mtu asiyependa anakokwenda. Mimi sikumfuata. Niliendelea hadi nyumba ya mikutano, ambako wazee watatu walikuwa wakiningoja na chai, na rasimu imefunuliwa mahali penye wino wangu mwekundu. Mkubwa wao aliniomba nitetee kitenzi changu. Nikafungua kinywa, na badala ya sarufi nikawasimulia niliyoyaeleza hapa, mpaka pale shehe alipogeuka. Hakuna aliyenilaumu. Mzee yule alivaa koti lake tu, akasema, “Twende tukaone.”

Nilikwenda kwa sababu niliona aibu kubaki. Nataka lieleweke hivyo. Njia nzima nilitumaini kukuta kizuizi kimeondolewa.

Hakikuondolewa. Kwenye benchi walikaa sasa watu wawili, mama na shehe, na injini ya lori ilikuwa ikinguruma. Afande alinitambua na kuniuliza, kwa upole uliobaki kutoka asubuhi, kama nami namjua mwanamke huyu kama shehe anavyodai.

Sikumjua. Nilihesabu moyoni nilichokijua kwa hakika, na kilikuwa kitu kimoja.

“Simjui, afande. Nilimsikia akisema mutu. Watu wa Bwera hivyo ndivyo wasemavyo, hata waliozaliwa hapa na mababu zao. Hilo nalijua, kazi yangu ni lugha.”

“Wewe ulisema mtu.”

“Mimi nilifundishwa shuleni. Mama yangu mzazi alisema mutu mpaka tulipomzika.”

Akawageukia wazee, akawaamuru waseme. Wa kwanza akasema mutu. Wa pili akasema mutu. Wa tatu, ambaye aliwahi kuwa mwalimu mkuu, alifikiri kidogo, nikaona anavyopigana na elimu yake, kisha akasema mutu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimsikia dereva wa lori akiongeza moto. Ndipo askari yule aliyekuta daftari langu akasema chini chini:

“Afande, na sisi wenyewe tunasemaga mutu.”

Afande alimtazama hata nikadhani atampiga. Halafu akaguna, akaelekeza kidole kwenye benchi, kisha barabarani. Mama akainuka, akauweka mzigo kichwani, akapita katikati yetu bila kutazama yeyote. Shehe alimfuata. Lori liliondoka na wale wanaume wawili; juu yao sina la kusema, kwa sababu hakuna aliyewauliza kitu mbele yangu, wala mimi sikuuliza.

Katika rasimu ya Lhukonzo kitenzi sasa ni kuchinja. Wazee walikipitisha jioni ileile bila ubishi. Tangu hapo nimepita kizuizini pale mara kadhaa, na afande hunipungia mkono na kuniita mwalimu wa Biblia. Aliwahi kuwaambia wasafiri mbele yangu kwamba Wagileadi waliwazuia tu watu wasivuke, na kwamba mzee huyu ni shahidi. Nilitikisa kichwa kukubali. Kila ninapofunga mkoba kwa safari ya Bwera naazimia kumwambia lile neno lilivyo, na kila ninapoteremka garini miguu yangu huanza.