Uyoga wa Chumbani kwa Bibi

Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mollo, bibi yangu alisimamisha nyumba kama watu wote, ila akakataa kuikandika. Upepo wa Ufipa ukapita kati ya fito, sisi tumejikunyata. Mwenyekiti alipokuja kuuliza, bibi alimjibu, "Mvua kwanza, mwanangu. Nikaone kichuguu changu."

Kichuguu hicho kilikuwa nyuma ya nyumba tuliyoihama. Kila mvua za kwanza kilimpa uyoga. Alisema mwaka huu kikimnyima, atatulia kijijini. Kikimpa, atarudi kuishi kule, hata peke yake. Na bibi hakuwa mtu wa kutishia bure.

Mvua za kwanza zilipokatika tukaenda, mimi na yeye. Mungu anisamehe, njia nzima niliomba tukute kichuguu kitupu. Kweli kilikuwa kitupu. Bibi alikizunguka akipapasa udongo, kisha akakaa chini. Nilifurahi, halafu nikaona haya.

"Basi tukaiage nyumba," alisema.

Paa tulikwisha kuliezua wenyewe, zilibaki kuta tu. Penye mlango bibi alisimama ghafla. Nikachungulia chini ya mkono wake. Sakafu ya chumba chake ilikuwa imepasuka, na pale kilipokuwa kitanda chake ulikuwa umetokeza uyoga mweupe, mpana kuliko ungo. Mwingine ulijaa hadi kwenye mafiga. Miaka yote tuliyolala pale, mchwa walikuwa chini yetu wakijenga, nasi hatuna habari. Nilitaka kupiga magoti kama kanisani.

Kisha nikakumbuka maana yake, nikaanza kulia.

Bibi hakuniangalia. Alijifunga kanga vizuri, akaita, "Hodi," kwa sauti ileile ya kwa majirani. Akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Nikaushika uyoga mmoja kwa mikono miwili niung'oe, akanipiga kibao mkononi.

"Kata juu. Mzizi ni wao."

Tulikata wa kututosha. Ule mkubwa aliuacha palepale pa kitanda.

"Bibi, utahamia huku lini?"

"Nihamie wapi, mjukuu wangu? Huoni nyumba ina wenyewe?"

Asubuhi yake nilimkuta akikanyaga udongo wa kukandikia, magoti yamejaa tope, akinifokea kwamba nimechelewesha maji.